Kilio Kilitoka Chumba cha Pili

Mtaani walimwita Mama Randa, na si kwa sababu ya useremala peke yake. Seremala alikuwa, tena hodari: milango yake haikuburuta sakafu na vitanda vyake havikupiga kelele. Lakini jina lile alilipata siku alipomvunja mumewe mfupa wa bega kwa mguu wa stuli aliokuwa anaulainisha. Yule mwanaume alikuwa amempiga miaka sita, kwa mkanda, kwa mwiko, kwa chochote kilichokuwa karibu na mkono. Siku hiyo akaingia karakana na hasira zake za kutoka alikotoka, akamzaba kofi mbele ya mteja. Mama Randa akageuka na alichokuwa nacho. Mara moja tu. Mume akaondoka bega moja likiwa chini kuliko jingine, na viatu hakurudi kuvichukua.

"Kapigwa randa yule," watu wakacheka, na jina likashika kama gundi.

Toka siku ile akaamini kwamba pigo moja likitua mahali pake humaliza maneno yote. Akalizoea. Mteja mmoja aliyemtukana mama yake alitoka karakana na jino lake kiganjani. Mpakia mbao aliyemshika kiuno alilala kitandani siku mbili. Hakuna aliyemlaumu. Wanawake walimsifu, wanaume walimwamkia wakiwa mbali kidogo. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi sikupewa mdomo. Nimepewa mikono."

Karakana yake ilikuwa ya mabati, benchi moja refu katikati, mbao zimesimamishwa ukutani, na maranda ya mbao chini mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nyuma yake kulikuwa na vyumba viwili. Alikaa humo na binti yake, aliyekuwa na kibanda cha kuuza chaja na makava ya simu, pamoja na mdogo wake wa kiume, mtu wa miaka arobaini, mpole, mwenye kigugumizi tangu utoto. Kazi ya huyu ilikuwa kusugua mbao na kupaka vanishi. Ndiyo maana akaitwa Msasa. Alikuwa mtu pekee duniani ambaye Mama Randa hakuwahi kumpandishia sauti. Neno likimkwama, dada yake alisubiri. Angeweza kusimama na msumeno mkononi dakika nzima, mteja akihema kwa haraka zake, mpaka Msasa amalize alichotaka kusema.

Binti ndiye aliyeleta kile kidude. Kilikuwa kipande cheupe cha plastiki, duara, kinene kidogo kuliko kifungo cha koti.

"Hiki, mama, unakificha kwenye sanduku lako la vyombo vya kazi. Kinaongea na simu yako kwa blututhi. Sanduku likipotea humu, unabonyeza hapa kwenye simu, kinalia, unakifuata."

"Sanduku la mtu mzima kubeba kwa mikono miwili litapoteaje humu?"

"Haya, likiibiwa je? Kikiwa mbali na wewe, simu ya mtu yeyote anayepita karibu nacho inakisikia, inapeleka habari, na wewe unaona alama kwenye ramani. Mwenye simu hana hata habari. Na kikikaa mbali nawe muda mrefu, kinaanza kulia chenyewe."

Mama Randa akacheka. "Kwa hiyo mji mzima ni mashushushu wangu na hawajijui."

"Ila sikiliza vizuri. Ramani inakuonyesha eneo. Mlango haikuonyeshi. Inaweza kukosea hatua ishirini, hata thelathini. Ukishafika hapo ndiyo unabonyeza kilie, unatafuta kwa masikio."

"Nimesikia, mwanangu."

Alikuwa ameshaanza kupiga randa. Msasa ndiye aliyekichukua kidude, akainua kitambaa cha chini ya sanduku, akakipachika penye kona na kurudisha patasi na tupa juu yake, kila kimoja mahali pake.

Sanduku liliibiwa siku ya Jumapili mchana, karakana imefungwa, mvua ikinyesha kiasi kwamba bati lilinguruma na mtu hakuweza kusikia hata sauti yake mwenyewe. Mama Randa na binti walikuwa wamekwenda kumjulia hali mgonjwa upande wa pili wa mji. Msasa alibaki kulinda.

Waliporudi walikuta mlango uko wazi, maji yanaingia upande huu na kutokea upande ule. Yale yaliyokuwa yanatoka yalikuwa na wekundu. Binti, kwa muda mfupi, alidhani kopo la vanishi limemwagika.

Msasa alikuwa chini ya benchi. Taya lilikuwa limehama upande mmoja, na meno matatu yalikuwa ndani ya maranda. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imepasuka kuanzia viwiko mpaka vidole, kwa kujikinga. Nondo iliyotumika ilikuwa imetupwa palepale, na nywele zake bado zimeigandia. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa anajitahidi kusema kitu, yeye ambaye hata akiwa mzima neno lilimtoka kwa taabu. Kila alipojaribu, damu ilitoka badala ya neno.

"Usiseme, mdogo wangu," Mama Randa akapiga magoti. "Usiseme. Nitasubiri."

Sanduku la vyombo halikuwepo.

Hospitalini walimfunga taya kwa waya. Daktari akasema wiki sita bila kutafuna na bila kuongea, na kwamba jicho la kushoto wangesubiri uvimbe ushuke ndipo wajue. Mama Randa alikaa kwenye benchi la ukumbini mpaka kukapambazuka. Hakulia. Alikuwa anakunja vidole na kuvikunjua, anakunja na kuvikunjua, binti akatamani bora angelia.

"Simu inasemaje?" aliuliza kila baada ya muda.

"Inasema kimeonekana mara ya mwisho karakana, jana saa nane mchana. Baada ya hapo kimya. Labda mvua imewazuia watu kutoka, hakuna simu iliyopita karibu nacho."

Jumatatu saa nne asubuhi jua lilitoka, watu wakatoka, na alama ikatokea kwenye ramani. Ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, nyuma ya uwanja wa mbao, kwenye safu ya vyumba vya kupanga.

Binti akasimama. "Twende polisi, mama."

"Nenda wewe. Mimi natangulia."

"Mama, twende pamoja."

"Nimesema nenda." Akachukua simu mkononi mwa mwanawe, akashuka ngazi za hospitali.

Njia ilipita uwanja wa mbao, ambako wapasuaji na wapakiaji wote walimjua. Habari ya Msasa ilikuwa imeshafika. Wakamuuliza yu hai? Akajibu, "Yu hai. Na aliyempiga nimempata." Watu kumi na wawili wakainuka na walichokuwa nacho: huyu rungu la kupigilia kabari, huyu kipande cha mbao, huyu mikono mitupu. Walipovuka barabara walikuwa arobaini. Wale wa nyuma hawakujua kilichoibiwa wala kilikoibiwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichungulia dirishani aliambiwa ni mtekaji wa watoto, naye akatupa mchi wake nje ili mwenye nguvu autumie.

Mama Randa hakuwageukia. Alisema baadaye kwamba alisikia miguu mingi nyuma yake na ilimpa raha. Hilo hakulificha.

Vyumba vilikuwa sita, vimepangana, vikitazama ua mmoja wenye kamba za kuanikia. Kamba zote zilijaa mashati meupe, maana chumba cha kwanza kilikuwa cha dobi. Ilikuwa siku ya kwanza ya jua baada ya mvua, naye alikuwa na kazi za siku tatu. Alikuwa mtu mwembamba, amepita miaka hamsini, amesimama mezani karibu na mlango, pasi ya mkaa mkononi, anaikunjua kola ya shati. Alipoinua macho akaona umati unaingia uani huku unaangusha nguo zake, alifanya ambalo mtu yeyote mwoga angefanya. Akasukuma mlango, akaufunga.

"Anafunga! Anajificha!"

Mama Randa akatazama simu. Alama ilikuwa imeugandama ua, duara lake limefunika vyumba vitatu vizima. Kilichomvuta jicho ni kimoja tu: mlango uliofungwa.

"Ni huyo!" Sauti ilitoka pembeni. Aliyesema alikuwa jirani wa dobi, mpangaji wa chumba cha pili, mtu wa makamo aliyevaa vizuri, dalali wa vitu vikuukuu. Kwa kuwa alimsalimia kila aliyekutana naye kwa kuinama na kusema "heshima yako", watu walimwita Bwana Heshima. "Heshima zenu, ndugu zangu. Jana, mvua ile ile, nimemwona kwa macho yangu anaingiza sanduku. Nikasema moyoni, dobi na sanduku wapi na wapi?"

Mlango ulikuwa wa mbao laini. Teke la pili liliung'oa pamoja na bawaba. Mama Randa akaingia wa kwanza. Dobi alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, pasi bado iko mkononi, ameiinua usoni kama ngao. Mdomo wake ulikuwa unafunguka. Alikuwa karibu kusema neno.

Hakulisubiri. Alikuwa na kipande cha mbao ngumu alichokipokea njiani, akakishusha kwenye kiwiko cha mkono ulioshika pasi. Alisikia sauti anayoijua vizuri, ile ya ubao unaopasukia kwenye fundo. Pasi ikaanguka, mfuniko ukafunguka, makaa yakasambaa juu ya mashati. Watu wakampita pande zote mbili, wakamshika dobi miguu na nywele, wakamburuta nje.

Mama Randa akabaki ndani kutafuta mali yake. Palikuwa na bunda kubwa limefungwa kwa shuka, ukubwa wa sanduku hasa. Akalifungua. Mashuka. La pili, mashuka na mito. Akapindua kitanda. Akafungua kabati, zikatoka nguo za mtoto wa kike na vyombo vya chakula. Moshi wa nguo zinazoungua ulikuwa unamchoma macho. Huko nje alisikia mapigo, yale mazito yanayotua kwenye nyama, na sauti ya mtu mmoja ikisema neno lile lile, "Jamani, jamani, jamani," kila mara chini zaidi.

Ndipo akakumbuka kubonyeza.

Simu ikaandika kwamba kipo karibu, asogee. Kilio kikaja, chembamba mno, kama kifaranga kilichofunikwa na beseni. Akazima kwa mguu makaa yaliyokuwa yanawaka, akategea sikio. Chini ya kitanda hakikuwepo. Kabatini hakikuwepo. Akaweka sikio ukutani, ukuta wa upande wa chumba cha pili, na hapo kilikuwa wazi kabisa. Kililia, kikanyamaza, kikalia tena.

Akatoka mbio. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa na kufuli. Alipousogelea, kilio kilitokea nyuma yake hasa.

"Siye!" akapiga kelele. "Siye huyo! Siye!"

Hakuna aliyegeuka. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwake alipokuwa na neno la maana kuliko mkono, na halikufika popote. Watu walikuwa wamefunga duara, migongo nje. Katikati aliona mguu mmoja wa dobi, umetoka kiatu, unatetema wenyewe. Na aliyekuwa mbele ya wote, koti amelivua na kulitundika vizuri kwenye kamba, alikuwa Bwana Heshima. Alikuwa amekwenda kuchukua tofali kwenye msingi wa ukuta, amelibeba kwa mikono miwili.

"Tummalize," alikuwa anasema, anahema. "Mwizi akipona anarudi. Tummalize kabisa."

Akilini mwa Mama Randa jambo likajipanga mara moja: mtu aliyekufa haulizwi sanduku liko wapi.

Akaingia kwa kichwa na mabega, akawapangua. Mtu akampiga rungu mgongoni bila kumtazama ni nani. Akajitupa juu ya dobi, akakifunika kichwa chake kwa mkono wa kushoto. Tofali likashuka.

Lilitua kwenye vidole vitatu, kati yake na jiwe la uani. Alisema hakusikia maumivu papo hapo, alisikia baridi tu. Akainuka, akaokota kipande cha mbao kwa mkono wa kulia, akaanza kupiga. Aliyekuwa karibu alianguka ameshika goti. Wa pili alikuwa mpasua mbao waliyefahamiana naye miaka kumi, akampasua nyusi. "Ni mimi!" alikuwa anapayuka. "Nitazameni! Ni mimi Mama Randa! Aliyeibiwa ni mimi, na huyu siye!" Wa mbele walimtambua, wakasita. Wa nyuma waliendelea kurusha. Jiwe likampata shavuni, lingine begani. Akasimama hivyo hivyo, mguu mmoja huku na mwingine kule, dobi katikati.

Binti akafika wakati huo. Kituoni walikuwa wamemwambia gari lipo ila dereva hayupo, watakuja, naye hakungoja. Aliingia uani akaona mama yake amelowa damu, watu wamemzunguka, na simu iko matopeni imekanyagwa kioo. Wengine wangelia. Yeye aliiokota, akaipangusa kwa sketi, akabonyeza.

Kilio kikaanza tena. Akakifuata mpaka chumba cha pili. "Vunjeni hapa," akasema. Kijana mmoja wa uwanja wa mbao akapiga kufuli kwa rungu mara tatu. Binti akaingia, akatoka analiburuta sanduku la mama yake, kidude bado kinalia ndani yake, katikati ya ua ulionyamaza ghafla.

"Chumba cha nani hiki?" akauliza.

Mke wa dobi alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka bombani, ndoo kichwani. Aliona mashati yake matopeni. Aliona mlango haupo. Hakuwa bado ameona kilicholala chini. "Cha Bwana Heshima," akajibu.

Vichwa vyote vikageuka. Bwana Heshima alikuwa ananyoosha mkono kuchukua koti lake kwenye kamba.

Hawakumwacha alivae. Waliokuwa wanampiga dobi ndio hao hao waliomrukia, na sasa walikuwa na hasira ya kudanganywa juu ya ile ya kwanza. Akaanguka kwa pigo la pili. Mama Randa akasikia sauti zile zile zikianza upya. Alimfikiria mdogo wake na waya wake mdomoni. Alitaka wamuue, hilo nalo amelisema bila kulizungusha. Alisimama akaangalia. Labda ni dakika moja, labda ni chini ya hapo.

Kisha akamtazama dobi. Mkewe alikuwa amempakata, analia bila sauti. Uso wake haukuwa uso tena, na mkono wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Kwa ule mmoja uliobaki alikuwa anajitahidi kuziba masikio. Alikuwa hataki kusikia mapigo, hata kama sasa yalikuwa ya mtu mwingine.

Mama Randa akaingia mara ya pili kwenye duara. Akamshika Bwana Heshima ukosi, akamvuta kama gunia mpaka chumba cha dobi, akamtupa ndani, juu ya mashuka. Mlango wa kufunga haukuwepo. Akasimama yeye kizingitini, akaujaza.

"Toka, Mama Randa, tumalize kazi," akasema mmoja.

"Nani anakuja kunitoa?"

Hakuna aliyekuja. Nyuma yake Bwana Heshima alikuwa anatambaa, anamshika kisigino. "Mama yangu, heshima yako, mama yangu, usiniachie kwao."

"Nyamaza," akamwambia bila kugeuka. "Nikigeuka mimi, hao hutawahitaji."

Gari la polisi lilipofika lilikuta ua una watu wanane. Umati ulikuwa umeyeyuka kwa milango, kwa kuta, kwa vichochoro, kila mmoja amekumbuka kazi yake. Wale arobaini hawakuwahi kuonekana tena. Baadaye kila uliyemuuliza mtaani alikuwa siku hiyo amesafiri.

Askari aliyeandika maelezo alimwita mlalamikaji. "Sema ulivyoibiwa, mama."

"Andika kwanza hili, afande. Wa kwanza kumpiga dobi ni mimi. Mkono ule nimeuvunja mimi. Na watu nimewaleta mimi."

Askari akaweka kalamu chini. "Mama, unaelewa unachosema? Kesi yako ni ya wizi. Nenda katibiwe vidole."

"Andika."

Akaandika. Bwana Heshima, alipopona vya kutosha kusimama mahakamani, alikiri wizi na kumpiga Msasa, akafungwa miaka kadhaa. Mama Randa naye alifungwa miezi minne kwa kujeruhi. Hakimu alisema ingekuwa zaidi kama asingejitaja mwenyewe. Binti aliiendesha karakana kwa kuuza milango iliyokuwa tayari. Msasa alitolewa waya mdomoni dada yake yumo gerezani, na neno lake la kwanza alilisema mbele ya nondo za dirisha la wageni. Lilimchukua muda mrefu. Lilikuwa "da-dada". Mlinzi wa gereza akawaambia muda umekwisha, Mama Randa akamwangalia, mlinzi akatazama saa yake upya.

Dobi alilazwa miezi miwili. Jicho moja halikurudi, na kiwiko kilishikana kikiwa kimekunjika, kwa hiyo hakuweza tena kuifikisha pasi mpaka mwisho wa shati. Mkewe ndiye aliyepiga pasi, yeye akafua na kukunja kwa mkono wa kushoto. Penye mlango walitundika shuka.

Mama Randa alipotoka gerezani, vidole vyake vitatu vilikuwa vimekakamaa, havifungi. Kushika patasi ilimbidi ajifunze upya kama mwanagenzi. Mlango wa kwanza aliotengeneza aliuharibu, wa pili akaupasua kuni. Wa tatu ulikaa sawa. Akaubeba na Msasa mpaka kwenye ule ua, asubuhi, watu wakiwatazama kwenye madirisha na kurudisha mapazia.

Mke wa dobi alikuwa anapiga pasi. Aliwaona, akatazama mlango, akatazama vidole. "Uweke kisha uondoke," akasema. "Karibu sikukaribishi."

"Sawa, mama."

Wakaanza kupima. Mama Randa alishika misumari mdomoni, Msasa akaushikilia ubao usiyumbe. Dobi alikuwa ndani, amekaa kitandani, jicho moja limewaelekea. Alingoja mpaka bawaba ya mwisho ilipoingia.

"Nina swali," akasema.

Mama Randa akatoa misumari mdomoni.

"Siku ile nilimsikia jirani anataja sanduku, nikataka kukuambia kuna kitu kinalia kwake. Kilikuwa kimelia kidogo tangu asubuhi, chenyewe tu. Nikadhani ni saa. Nilikuwa nimefungua mdomo nikuambie. Hukuniuliza. Kwa nini hukuniuliza?"

Msasa akamtazama dada yake. Alikuwa amezoea yeye kusubiriwa, sasa akasubiri yeye. Mama Randa alisimama na nyundo mkononi, midomo inacheza. Alitafuta jibu kwa muda mrefu, kwa kweli, si kwa kujisingizia.

"Sijui," akasema mwishowe. "Sikujua kuuliza."

Dobi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa nguo ya kufua yenye doa analolijua kuwa halitoki. "Basi siwezi kukusamehe," akasema. "Labda mwakani. Labda hapana."

"Sijaja kuomba hilo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuacha uufunge." Akainuka, akaja mpaka mlangoni, akausukuma kwa mkono wa kushoto. Ukafunga. Akauvuta, ukafunguka. Akafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kutoka ndani, kutoka nje, huku mkewe ameacha pasi anamwangalia.

"Juu hapo unabana kidogo," akasema.

Mama Randa akachukua randa. Akaomba mtu amsaidie kuushusha mlango tena, na aliyesogea kushika upande wa pili, kabla Msasa hajafika, alikuwa mke wa dobi.